Kumtafuta Mng'ang'anizi: Siku Chache Miambani Cornwall

Jumatano

Anayepanda treni ya Penzance kutoka Paddington, London, na akae upande wa kushoto. Shauri hilo nilipewa na binamu yangu, na tulipoipita Exeter nikaona sababu yake: reli inashuka hadi ukingoni mwa bahari, na pale Dawlish inapita juu ya ukuta wa mawe unaogongwa na mawimbi moja kwa moja. Februari 2014 dhoruba iliubomoa ukuta huo, reli ikabaki inaning'inia hewani, na kwa miezi miwili hivi Cornwall, mkoa wa ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, haikufikika kwa treni. Leo maji yalikuwa yamekupwa, bahari shwari, watu wanatembeza mbwa mchangani. Ungeambiwa bahari ile imewahi kuvunja reli ungebisha.

Baada ya Plymouth tukavuka mto Tamar kwa daraja la chuma la mhandisi Brunel la mwaka 1859, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa langoni ili asisahaulike. Ng'ambo ndiyo Cornwall. Truro nikabadilisha treni, nikashukia Penryn, ambako binamu anasomea mambo ya bahari.

"Dada, umekuja na viatu gani?" Hiyo ndiyo salamu ya kwanza. Nikamwonyesha mabuti ya mpira yaliyofungwa kwenye begi. Akayageuza, akakagua soli, ndipo akakumbuka kusema shikamoo.

Nimekuja kumtafuta samaki mmoja. Kisayansi anaitwa *Lepadogaster purpurea*, na aliye mkubwa kabisa ana sentimita 8 hivi. Ukoo wake, Gobiesocidae, una spishi zaidi ya 160 katika bahari mbalimbali, wengi wao wadogo kuliko kidole cha mtu mzima. Sifa yao ni kuganda: wanajishikiza mwambani kwa kisahani kilicho tumboni, mawimbi yapige yatakavyo. Mimi na binamu tunamwita mng'ang'anizi, na katika kumbukumbu hizi nitamwita hivyo hivyo. Uingereza anaonekana zaidi pwani za kusini-magharibi.

Usiku tumekaa na jedwali la maji. Mwezi ulipevuka jana, kwa hiyo bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, inaanza. Hapa bamvua si mchezo: kati ya maji kujaa na maji kupwa, bahari ya Falmouth hupanda na kushuka karibu mita 5. Jambo jingine la bahati ni kwamba katika pwani hii kupwa kukubwa huangukia adhuhuri. Hatutalazimika kuamka usiku na tochi.

Alhamisi

Kupwa saa 6:20 mchana. Tulishuka Castle Beach, chini ya kilima chenye ngome ya Pendennis iliyojengwa na Mfalme Henry VIII, saa moja na nusu kabla ya wakati. Binamu ana kanuni yake: usiyasubiri maji yatoke, yafuate. Unatembea nayo hatua kwa hatua kwenda chini, na yakigeuka unageuka nayo. Atakayefika wakati maji yameshatoka kabisa amebakiza dakika chache tu za kutafuta, halafu bahari inamjia kisogoni.

Sehemu ya juu ya mwamba haina mambo mengi. Kuna wale konokono wa gamba la pembe moja, wamebana mwambani hadi kisu hakipiti, na mwani mkavu unaopasuka ukiukanyaga. Chini zaidi unaanza mwani wa kahawia wenye mikanda mipana, ambao maji yakiondoka hulala chali wote kwa pamoja. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kuchagua jiwe kuna ufundi wake. Jiwe lililozama mchangani ukilinyanyua unakuta weusi na harufu ya yai viza: hewa haifiki, hakuna anayeishi humo. Linalofaa ni jiwe bapa lililokaa juu ya mawe mengine, lenye uwazi chini yake ambao maji yanapita. Unalishika upande wa mbali, unaliinua polepole kama kifuniko kuelekea kwako, unatazama, unalirudisha vile vile lilivyokuwa. Lisigeuzwe. Vinavyoota juu vinataka mwanga na vinavyoota chini vinataka giza. Ukiliacha jiwe limepinduka umeua pande zote mbili. Tulipita mawe kadhaa yaliyopinduliwa na watu waliotutangulia, matumbo yao meupe yakianikwa juani. Binamu aliyarudisha yote bila kusema neno. Mimi nilisema maneno kadhaa.

Chini ya jiwe la kwanza zuri kulikuwa na viti vya pweza wadogo na kaa wa manyoya, yule mdogo bapa mwenye makucha mapana, *Porcellana platycheles*. Huyu naye ni mbanaji. Ukijaribu kumnyanyua anajibandika kwa ncha za miguu, na akiona hali mbaya anakuachia mguu mmoja aende zake. Binamu akasema huyo ni dalili njema, kwani kaa huyu na mng'ang'anizi hupenda nyumba za aina moja. Chini ya jiwe la pili alikuwepo kaa mwingine kabisa, mweusi wa buluu, macho mekundu kama kaa la moto, ameshainua makucha kabla jiwe halijafika nusu. Tukamfunika haraka. Mwenye nyumba ya namna hiyo habishiwi.

Tulinyanyua mengine mengi.

Halafu binamu akasema, "Usisogee." Alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili, limesimama wima, maji yanachuruzika. Nikatazama na sikuona kitu zaidi ya madoa mekundu ya mwani mgumu unaoganda mwambani. "Katikati. Tazama macho ya buluu."

Yale hayakuwa macho. Ni madoa mawili ya buluu yaliyozungushiwa weusi, yapo nyuma ya kichwa, yamekaa sambamba kama yanakukodolea. Nilipoyapata hayo, samaki mzima akajitokeza: kichwa kipana bapa, pua iliyotangulia mbele, mwili unaopungua kuelekea mkiani, rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia. Macho yenyewe ya kweli ni madogo, na mbele ya kila moja pamesimama kijinyama chembamba chenye tawi. Hana magamba hata moja. Ngozi yake ni tupu, inang'aa kwa ute. Alikuwa amening'inia kichwa chini kwenye jiwe lililotolewa majini, na hakuonyesha wasiwasi wowote. Kifuniko cha shavu kilipanda na kushuka taratibu.

Binamu alilowesha kiganja, akakiweka chini yake, akamsukuma kidogo kwa ubavu. Kumvuta moja kwa moja kwenda juu hakufai, utamwumiza. Lakini ukimtelezesha pembeni anaachia. Akaniwekea mkononi pamoja na maji kidogo. Nilimhisi akijipanga, tumbo likajisogeza mara mbili, halafu pakawa na mbano mdogo katikati ya kiganja. Nikageuza mkono. Hakuanguka. Sentimita 6, uzito usioweza kuuhisi, na ananing'inia mkononi mwa kiumbe asiyemjua kana kwamba ndiyo desturi.

Jiwe lilirudishwa kwanza, ndipo samaki akaachiwa pembeni yake. Mpangilio huo ni wa lazima, maana ukimweka samaki kwanza kisha ukamshushia jiwe unaweza kumponda. Alikaa kidogo kwenye kokoto, akajisukuma kwa mkia, akaingia chini. Kuogelea kwake si kwa kusifiwa. Samaki wa ukoo huu hawana kibofu cha hewa cha kuwaelesha majini, kwa hiyo akiacha kupiga mkia anazama. Mahali ambapo mawimbi yanampiga kila dakika, kuelea kungempeleka wapi?

Ijumaa

Mvua tangu alfajiri, upepo kutoka kusini-magharibi. Jedwali lilisema leo ndiyo siku ya kupwa kukubwa kuliko zote, saa 7 mchana. Tulikwenda kuangalia hivyo hivyo, na mikanda ya mwani iliyokuwa nje jana leo ilikuwa bado inacheza ndani ya maji.

Jedwali haliongopi, ila halijui habari za hewa. Linahesabu mwezi na jua tu. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari moja, bahari hupanda kwa sentimita moja hivi, kwa kuwa hewa iliyokuwa ikiikandamiza imepungua uzito. Dhoruba ya leo imeshusha mgandamizo vya kutosha, na upepo nao ukayasukuma maji kuja nchi kavu. Mawe yote ya jana yalikuwa chini ya mawimbi meupe, na wapangaji wake nadhani walikuwa wamejibana barabara.

Tukarudi chumbani kwake kukausha soksi. Hapo ndipo nikamuuliza lile lililonisumbua tangu jana: kishikizo cha plastiki cha bafuni kinaganda vizuri kwenye kioo, ukikibandika kwenye tofali kinaanguka papo hapo. Huyu samaki anaishi kwenye tofali, tena tofali lenye utelezi. Anafanyaje?

Alichora. Msomaji wa pwani anamjua chazo, yule anayejishikiza kwa papa na kasa. Kisahani cha chazo kiko utosini na kimetokana na pezi la mgongoni. Mng'ang'anizi kaenda upande wa pili: mapezi yake ya tumboni ndiyo yaliyotanuka yakawa kisahani, yakisaidiwa na sehemu ya mapezi ya ubavuni. Anakibandika, anainua sehemu ya katikati, nafasi ya ndani inaongezeka, shinikizo la ndani linashuka. Maji ya nje yenye shinikizo kubwa zaidi ndiyo yanayomkandamiza mwambani. Mpaka hapo ni sawa na kishikizo cha bafuni.

Tofauti iko ukingoni. Kishikizo cha plastiki kikivutwa, ukingo wake huanza kuteleza kwenda ndani, mahali pamoja panaachia, maji au hewa inapenya, mchezo umekwisha. Ukingo wa kisahani cha samaki umejaa vinundu laini. Kila kinundu kimegawanyika kuwa vijiti vidogo mno, na ncha za vijiti hivyo zina nyuzi nyembamba zaidi, zinazokaribia zile za nyayo za mjusi kafiri. Ulaini unauwezesha ukingo kujaza mashimo ya mwamba, na nyuzi zinaleta msuguano unaouzuia usiteleze kwenda ndani. Ute unasaidia kuziba.

Hayo yamepimwa kwa ndugu yake wa upande wa pili wa dunia, *Gobiesox maeandricus* wa pwani ya Pasifiki ya Marekani Kaskazini. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo kwamba samaki huyo anahimili mvuto wa mara 80 hadi 230 ya uzito wake mwenyewe, na kwamba nyuso zenye chembe kubwa, ambazo vishikizo vya kiwandani vilishindwa kabisa, yeye alizimudu. Baadaye walitengeneza vishikizo vya kuiga ukingo wake. Mojawapo ya matumizi waliyoyafikiria ni kubandika vifaa vya kuwafuatilia nyangumi bila kuwatoboa ngozi. Hilo nimelipenda kuliko yote: mfuatilie nyangumi kwa hekima ya samaki wa sentimita chache.

Binamu ana mpenzi wake mwingine katika ukoo huu, *Chorisochismus dentex* wa Afrika Kusini, anayefikia sentimita 30. Chakula chake ni wale konokono wa gamba la pembe moja. Anaingiza meno ya mbele chini ya ukingo wa gamba, kisha anampindua. Yaani kiumbe anayeishi kwa kuganda anakula kwa kumbandua mwenzake aliyeganda. Binamu alicheka peke yake akisimulia. Huenda amekaa na vitabu muda mrefu.

Mvua ilikatika saa mbili usiku.

Jumamosi

Basi hadi Helston, jingine hadi Lizard, ncha ya kusini kabisa ya nchi kavu ya Uingereza. Wengi wanaoshuka hapo wanakwenda Kynance, nasi tulikwenda kwa kuwa muda ulikuwepo. Ni pazuri, pazuri kiasi cha kuchosha: mwamba uitwao serpentine, wa kijani na mwekundu, umesuguliwa na nyayo hadi unang'aa, na kila mtu amesimama njiani kupiga picha. Mwamba ule una utelezi mbaya ukilowa. Tulikaa nusu saa.

Polpeor ndipo tulipokuwa tunapataka. Ni ghuba ndogo chini ya ncha yenyewe, yenye banda la zamani la mashua ya uokoaji. Mashua ilihamishiwa Kilcobben mwaka 1961. Mwamba hapa ni wa tabaka tabaka, umevunjika kuwa mabapa, na kila bapa lina uwazi chini. Mgandamizo wa hewa umepanda, anga jeupe, na kupwa ni saa 7:35. Bahari iliondoka kama iliyoahidi.

Tulimpata wa kwanza mapema, halafu wawili chini ya jiwe moja, mmoja mwekundu na mwingine karibu kijani. Rangi zinatofautiana sana. Yale madoa ya buluu ndiyo ya kutegemea, ingawa kwa huyo wa kijani yalikuwa yamefifia.

Jiwe lililofuata binamu aliliinua kidogo tu, kama upana wa kiganja, akalizuia hapo kwa goti. "Dada, inama. Sitalifungua zaidi ya hapa."

Nikalaza shavu kwenye mwani. Ndani, upande wa chini wa jiwe, palikuwa na utandu wa mayai ya rangi ya dhahabu, tabaka moja, yamepangwa ubavu kwa ubavu, kila moja bapa na refu kidogo. Nilidhani yana vumbi. Nilipozoea giza nikaona kila yai lina vitone viwili vyeusi, na vitone hivyo ni macho. Baadhi yalijisogeza ndani ya yai. Mzazi alikuwa ameganda kando ya utandu, pua imeugusa, na badala ya kukimbilia gizani kama wale wengine alipiga hatua moja kuja mbele yangu, akasimama kati yangu na mayai. Ni mdogo kuliko kidole changu cha kati.

Hakuna aliyezungumza habari ya picha. Binamu alilishusha jiwe sentimita kwa sentimita, akachungulia pembeni kuhakikisha limekaa kwenye makao yake ya zamani.

Mayai yakianguliwa, watoto huachana na mwamba. Wanachukuliwa na mkondo pamoja na vidudu vingine vinavyoelea baharini, na baada ya majuma machache waliosalimika wanarudi pwani kutafuta jiwe, kisahani kikiwa kimeshaota. Ndicho kipindi pekee cha maisha yao ambacho hawajashika kitu.

Nilipanda mlima kurudi kituoni nikiwa nimelowa upande mmoja wa uso. Basi lilichelewa. Tulikula mkate wetu ukutani huku binamu akinieleza, kwa kirefu kuliko nilivyoomba, kwa nini mtihani wake wa takwimu hautapitika.

Jumapili

Treni yangu inaondoka Penzance jioni, kwa hiyo tulikwenda huko na mizigo, tukatembea hadi Newlyn kwanza. Mwishoni mwa gati la bandari ya uvuvi kuna kibanda kidogo chenye kipimo cha maji. Kati ya 1915 na 1921 kimo cha bahari kilipimwa hapo saa baada ya saa, wastani wake ukatolewa, na urefu wa kila mlima na kila barabara ya bara la Uingereza hadi leo unahesabiwa kutoka kwenye wastani huo. Watalii hawaji. Kwa maoni yangu ni mahali pa kuvutia kuliko Kynance, na binamu amesema nisiliandike hilo. Kibandani hatukuingia, tulitazama maji yakishuka kwenye nguzo za gati, mstari wa mwani ukiongezeka urefu, tukaondoka.

Kupwa saa 8:15, na tayari si kukubwa kama kwa jana. Kesho kutakuwa kudogo zaidi, na baada ya siku chache ni maji mafu, ambapo mawe ya mng'ang'anizi hayatokezi kabisa. Tulishuka kwenye miamba ya Battery, karibu na bwawa la kuogelea la ufukweni, tukiwa na saa moja.

Chini ya mawe hatukupata kitu. Ila kwenye shina la mwani mkubwa, pale unapoushika mwamba kwa mizizi-vidole yake, binamu alitenganisha vidole viwili na ndani yake alikuwepo samaki wa sentimita 2, kijani kibichi, ameganda kwenye mmea kwa kisahani kidogo kuliko punje ya mchele. Hakuwa na madoa ya buluu.

Hapo tukabishana. Yeye akasema huyu si *Lepadogaster* bali *Apletodon dentatus*, spishi ndogo ya kichwa kidogo inayopenda mashina kama haya. Mimi nikasema anaweza kuwa mtoto tu, madoa hayajatoka. Akaomba lenzi, nikampa. Akatazama pua, akatazama pezi la mgongoni, akatazama tena, na wakati huo wimbi la kwanza likaingia kwenye buti lake. Samaki hakujali.

Binamu huandika kila anachokiona na kukipeleka kwenye kituo cha kumbukumbu za viumbe cha Cornwall: spishi, mahali, tarehe, idadi, alikuwa juu ya nini. Kwa wale wa Polpeor mstari ulijaa bila tabu. Kwa huyu wa mwisho aliandika *Apletodon*, akanitazama, akakifuta. Akaandika "Gobiesocidae, mmoja, sentimita 2, shina la mwani", akaweka alama ya kuuliza, akafunga daftari, tukakimbilia ngazi kwa sababu maji yalikuwa yameshaufikia mkoba wangu.